Sikumgusa, Nilicheka Tu

Mwalimu mstaafu anajibu barua za wasomaji

Shikamoo Mwalimu,

Niko kidato cha pili. Darasani kwetu kuna msichana mwenye kigugumizi, nitamwita Z. Tangu muhula uanze, kila akisimama kusoma kuna mvulana anayemwigiza kwa sauti ya chini, na sisi wa nyuma tunacheka. Wiki mbili zilizopita mtu alimrekodi akihangaika na neno moja, akaiweka video kwenye grupu la darasa la WhatsApp. Neno lenyewe lilikuwa "mgawanyo". Wameikata hiyo video wakairudiarudia kama kiitikio. Kesho yake tukakuta ubaoni pameandikwa "mgamgamga". Mimi niliweka emoji ya kucheka machozi. Tulioweka tulikuwa 23, nimehesabu.

Leo ni siku ya tisa Z hajaja shule. Watu wanasema anaumwa. Mimi sikumgusa wala sikurekodi, na huyo mvulana anasema ulikuwa utani tu. Lakini usiku silali vizuri. Je, nina kosa? Na nikisema kwa walimu, si nitaitwa mchongezi mpaka nimalize shule?

Niliyecheka

Marahaba, mwanangu. Mtu aliyekaa akahesabu vicheko 23 jibu la swali lake la kwanza analo tayari. Ndiyo, una kosa. Si kubwa kama la aliyerekodi, lakini ni lako.

Hilo neno utani nimelisikia miaka 31, karibu katika kila kesi ya namna hii iliyoletwa mezani kwangu. Utani huenda na kurudi. Leo unanitania, kesho nakutania, na siku ukiniona nimenuna unaacha. Z angemrudishia nini huyo mvulana, na saa ngapi, wakati neno moja tu linamkwama kooni, darasa zima likisubiri? Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni huko Sweden na Norway miaka ya 1970, aliweka vipimo vitatu: kuna nia ya kuumiza, kitendo kinarudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa za kujitetea. Pima mwenyewe. Na hiyo video inatosha peke yake kwa kipimo cha pili, maana imerekodiwa mara moja lakini kila anayeibofya anamsimamisha Z upya mbele ya darasa.

Sasa tuje kwenye kicheko. Watafiti wa Kanada, Hawkins, Pepler na Craig, waliwanasa kwa kamera na vinasa sauti watoto wa shule za msingi wakiwa michezoni, na mwaka 2001 wakachapisha walichokiona. Katika matukio 88 kati ya kila 100 ya uonevu, kulikuwa na wanafunzi wengine wakitazama. Walioingilia kati ni katika matukio 19 tu kati ya 100. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi, mwanangu, ni muda wa kufunga kamba za kiatu kimoja. Huko Finland naye Christina Salmivalli ameandika sana kuhusu wanaozunguka tukio: kuna wasaidizi, kuna wanaojitenga, kuna watetezi, na kuna washangiliaji. Wewe na wenzako wa nyuma mlikuwa washangiliaji. Huyo mvulana asingeigiza muhula mzima kama kila siku angekutana na kimya.

Nayasema haya kwa sababu na mimi nimeshangilia, tena nikiwa na chaki mkononi. Mwaka wangu wa sita kazini nilikuwa na mvulana aliyekaa dawati la mlangoni, mkoba kaupakata mapajani kama mtu anayesubiri basi. Muhula mzima mkoba haushuki chini. Siku moja akanifuata ofisini, akasema, "Mwalimu, wananisumbua." Nilikuwa nasahihisha madaftari. Sikuinua hata kalamu. Nikamjibu neno moja: "Wapuuze." Wiki iliyofuata nikamkuta tena na mkoba wake mapajani, nikasema mbele ya darasa, "Bwana abiria, shusha mzigo, gari bado." Darasa zima likaangua kicheko. Jina likamganda pale pale, Abiria, na aliyelitunga ni mimi. Aliyekuja kunifungua macho hakuwa mwanafunzi, alikuwa mfagizi: mkoba ule alikuwa ameuokota chooni mara mbili, umelowa, madaftari yamevimba kama mkate. Kijana aliacha shule katikati ya muhula. Dawati lake lilibaki tupu mpaka mitihani, na hakuna aliyetaka kulikalia.

Ndiyo maana "wapuuze" siku hizi silitoi kwa mtu.

Kuhusu kuumwa kwa Z, usidhani lazima ni kisingizio. Anayeonewa huumwa kweli: tumbo linasokota asubuhi za siku za shule na kutulia Jumamosi, kichwa kinagonga, usingizi hauji, na alama zinashuka kwa sababu akili yote iko mlangoni inaangalia nani anaingia. Na haya hayaishii kwenye cheti. Uingereza wamewafuatilia watu waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958, na waliokuwa wakionewa sana utotoni walionekana bado na mzigo wa sonona na wasiwasi wakiwa na miaka 45. Sisemi Z atafika huko. Wengi hupona, hasa akitokea mtu mapema.

Kuna moja sitalizungushia maneno. Mwishoni mwa mwaka 1982, wavulana watatu huko Norway walijiua, na uonevu wa wenzao ulitajwa kuwa chanzo kilichoelekea kuwa kikubwa. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni ya shule zote. Nakuambia ili usisubiri muhula ujao. Ukisikia au kusoma popote kwamba Z amechoka kuishi, mfuate mtu mzima saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama uliapa kutosema.

Vinginevyo, leo jioni fanya hivi. Piga picha ya skrini ya grupu, tarehe zionekane, kwa sababu mambo yakichemka kila mtu atafuta. Video yenyewe usimtumie mtu. Kisha ondoa emoji yako, na uandike humo humo grupuni, kwa jina lako: "Nimeondoa kicheko changu. Naomba video ifutwe." Usiongeze mahubiri. Ulicheka hadharani, kwa hiyo kujirudi nako kuwe hadharani. Ukimnong'oneza Z peke yake huku emoji yako inang'aa kule, hatakuamini, na mimi nisingekuamini. Wa kwanza kuondoa ataonekana kituko kwa siku moja. Nimeshaona mara nyingi wa pili akijitokeza haraka kuliko mnavyodhani, maana katika hao 23 si wewe peke yako usiyelala.

Kwa mwalimu nenda na mwenzako mmoja, mkiwa na karatasi: siku gani, kipindi gani, nani alifanya nini, na ninyi wenyewe mlifanya nini. Hiyo sehemu ya mwisho msiiruke. Mchongezi huwataja wengine akajificha yeye. Ninyi mtakuwa mmejitaja kwanza. Mwalimu wa kwanza akiwajibu kama nilivyojibu mimi, msibishane naye. Chukueni karatasi yenu mwende kwa anayefuata, awe wa nasaha, wa nidhamu, au mzazi.

Halafu Z mwenyewe. Muombe mzazi wako awasiliane na wa kwao, usimtokee ghafla mlangoni. Ukikaa naye, usimwambie "tulikuwa tunatania" na usimuulize "umenisamehe?" maana hapo unampa kazi mtu ambaye tayari amechoka. Sema ulichofanya, sema umeondoa, sema umemwambia nani. Mpelekee madaftari ya siku tisa. Na akianza kuongea, neno likamkwama, usimmalizie. Mtazame usoni kawaida kama unavyomtazama mtu yeyote, na usubiri. Najua utatamani kumsaidia. Subiri tu, analijua neno lake.

Mwalimu,

Mwanangu wa miaka 15 amesimamishwa shule wiki mbili kwa kumpiga mtoto wa kidato cha kwanza na kumnyang'anya hela. Nimemcharaza vya kutosha, hatarudia. Mama yake anashikilia kwamba bado kuna kitu cha kufanya. Kitu gani tena?

Baba Mkali

Ndugu yangu, mama yake ana haki. Kijana amepigwa na mwenye nguvu kuliko yeye ili ajifunze kutompiga aliye dhaifu kuliko yeye. Mimi nimefundisha hesabu, na hiyo hainitokei.

Hela azirudishe, zitoke kwenye jasho lake, si mfukoni mwako. Nenda naye kwa wazazi wa yule mtoto, kama wao wako tayari kuwapokea, na mkifika aongee yeye, wewe kaa kimya. Kabla ya hapo mtoe matembezi, wewe na yeye tu, umuulize kama kuna anayemwonea yeye. Usicheke swali hilo. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia watoto mpaka utu uzima, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba walioteseka zaidi ukubwani, kwa sonona, hofu za ghafla na mawazo ya kujiua, ni wale waliokuwa wakionewa na wakati huo huo wakiwaonea wengine. Huenda wako ni mmoja wao, huenda siye. Hutajua kwa fimbo.

Na uniandikie tena kunijibu jambo moja: ulipokuwa unamcharaza, wadogo zake walikuwa wamesimama wapi?