Jibu: Mradi umefaulu wodi ya wazazi, sasa tufanyeje?

Dada, umeuliza mradi wenu wa kunawa mikono wodi ya wazazi mtausambazaje hospitali nzima, na utadumu vipi mfadhili akiondoka. Nianze na hilo la pili, ndilo linaloua miradi mingi.

Angalia 5S, mbinu ya hatua tano za kupanga na kutunza mahali pa kazi. Ilitoka viwanda vya Japani, ikapita hospitali ya akina mama ya Castle Street kule Colombo, Sri Lanka, ikafika Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, kisha ikasambaa hospitali nyingine za Tanzania. Hizo S zikapewa Kiswahili: sasambua (ondoa visivyohitajika), seti (panga), safisha, sanifisha (weka utaratibu mmoja), shikilia (dumisha). Hiyo ya mwisho ndiyo mtihani.

Kwetu, kwa 5S hiyo, stoo ya dawa ilipendeza: rafu zina lebo, dawa inayokaribia kuisha muda iko mbele. Muuguzi aliyeisimamia akahamishwa. Miezi mitatu baadaye nikakuta maboksi sakafuni, na chati ya ukutani imeishia mwezi ule ule alioondoka. Kazi yote ilikuwa kichwani mwake!

Kwa hiyo chati ijazwe na aliye zamu, yeyote yule, na isomwe kwenye ripoti ya asubuhi. Vitakasa mikono viingie bajeti ya hospitali sasa hivi, mfadhili akiwa bado yupo.

Kusambaza, anzeni na wodi moja iliyo tayari. Msiwapelekee semina (posho zikianza, mmekwisha); waleteni wauguzi wao wafanye zamu mbili kwenu. Halafu waacheni wabadilishe watakavyo, wodi ya upasuaji haifanani na ya wazazi.