Je, "skuli" ni kosa na "shule" ndiyo sahihi?

SWALI: Mimi ni mama, mkaazi wa Unguja. Sisi tunasema skuli, lakini binti yangu amesahihishwa kwenye insha, akaambiwa aandike shule kwa kuwa skuli ni makosa. Asili ya maneno haya ni ipi? Na mbona Wazungu karibu wote wana neno linalofanana na hilo?

JIBU: Mama, binti yako hakukosea, na inaniuma akiambiwa hivyo. Hayo ni maneno ndugu yaliyotufikia kwa njia mbili. Unguja iliwekwa chini ya Mwingereza mwaka 1890, na skuli limetokana na neno lake, school. Bara alikuwapo Mjerumani, ambaye katika miaka hiyohiyo ya 1890 alifungua shule ya serikali Tanga. Yeye husema Schule. Neno lake lilishika hata likavuka mipaka: Kenya, iliyotawaliwa na Mwingereza, nako wanasema shule.

Ushahidi uko kwenye sauti. Kijerumani cha kale kilikuwa na "sk" katika neno hili, kisha katika Zama za Kati "sk" ikalainika ikawa "sh". Kwa hiyo "sh" ya shule ni alama ya Mjerumani.

Wote hao walilipata kwa Warumi, waliosema schola. Mwitaliano ana scuola, Mrusi shkola. Mreno na Mhispania ulimi wao haupendi kuanza na "s" iliyobanwa na konsonanti nyingine, wakatanguliza irabu: escola, escuela. (Nasi tumechomeka irabu katika kilabu.) Mfaransa alifanya vivyo hivyo, akasema escole, halafu "s" ikamponyoka, ikabaki école.

Warumi nao waliazima kwa Wagiriki, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Kwa Mgiriki wa kale skhole haikuwa jengo wala darasa. Ilikuwa wasaa, muda ambao mtu hakushikwa na shughuli. Kazi aliiita askholia, yaani kukosa wasaa. Waliokuwa na nafasi hiyo waliitumia kwa mijadala ya elimu, basi neno likahama taratibu kutoka kwenye muda hadi kwenye mjadala, kisha hadi mahali pa kufundishia. Tusisahau kwamba wasaa ule ulikuwa wa watu huru, huku kazi nyingi za shamba na nyumba zikifanywa na watumwa. Hata leo Mgiriki akitumia kitenzi skholao, anasema anatoka kazini.

Linganisha na neno letu chuo. Zamani lilikuwa na maana ya kitabu, ndiyo maana msomi ni mwanachuoni. Baadaye likawa pia mahali panaposomwa kitabu hicho. Wao walianza na muda, sisi tulianza na kitabu.

Kuhusu insha: shule ndilo lililozoeleka zaidi katika Kiswahili sanifu, na si vibaya binti alijue. Lakini skuli za serikali Unguja na Pemba zinaitwa hivyo rasmi. Akiandika jina la skuli yake, aliandike kama lilivyo, na mwalimu asiliguse kwa kalamu nyekundu.