Kisu cha porini cha bei nafuu: tazama unene kabla ya madoido

Kama ndiyo kwanza unaanza mambo ya kambi, kisu kitakachokuvutia dukani karibu kila mara ndicho usichokihitaji. Utakitambua tu: bapa nene la milimita 5 au 6, meno ya msumeno mgongoni, rangi nyeusi tii, na dira ndogo kwenye tako la mpini. Mpini wa namna hiyo kwa kawaida una uwazi ndani wa kutia njiti za kibiriti na ndoana. Ili uwazi huo upatikane, msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini, umefupishwa, na hapo ndipo kisu huvunjikia. Yale meno nayo mara nyingi hukwaruza mti tu, tena yanakunyima mahali pa kuegemeza kidole gumba.

Kazi zenyewe za kambini ni kuchonga vigingi, kukata kamba, kuandaa chakula na kuchana vijiti vya kuwashia moto. Kwa hizo, bapa la sentimita 10 hivi lenye unene wa milimita 2.5 hadi 3.2 linatosha na kubaki. Visu vya Mora, mji wa Uswidi, ndivyo vinavyotajwa sana na watu wa porini wasiotaka kutumia fedha nyingi. Morakniv Companion, kwa mfano, ina bapa la milimita 104, mpini wa plastiki na mpira, na hakuna la kujionyesha. Si lazima ununue hicho, lakini kifanye kipimo chako: kisu cha bei kubwa zaidi kikuonyeshe kwanza kinakizidi hicho kwa lipi.

Dukani usione aibu kukikagua. Shika mpini, gonga mgongo wa bapa kwenye kiganja. Ukisikia bapa linachezacheza ndani ya mpini, hata kidogo, kirudishe. Msuka unaoonekana hadi kwenye tako ni imara zaidi, ila uliojificha pia unafaa mradi umeingia ndani vya kutosha na haupwayi. Kisha kitie kwenye ala, uigeuze kichwa chini, uitikise. Kikianguka, hiyo si ala.

Chuma ndicho watu hubishana sana na ndicho hakistahili ubishi mrefu kwa anayeanza. Chuma cha kaboni kinanoleka upesi lakini kinashika kutu. Kile kisichoshika kutu, ambacho kina kromiamu ya asilimia 10.5 au zaidi, kinakuvumilia ukisahau kukifuta. Ukikaa karibu na maji ya chumvi, chukua cha pili. Na usitishwe na wanaodai kwamba ni chuma cha kaboni pekee kinachotoa cheche kwenye kijiti cha feri, yaani kile kijiti cha metali kinachokwanguliwa ili kuwasha moto: cheche zile zinatoka kwenye kijiti chenyewe, na mgongo wowote mgumu wenye kona kali utazitoa.

Sasa tuje kwenye kunoa, maana kisu cha bei nafuu kilichonolewa vizuri kitakipita cha bei kubwa kilicho butu, siku yoyote. Kwa kujifunzia, tafuta kisu chenye mnoleo (ubavu ulioinama kuelekea makali) mmoja mpana kila upande, ulionyooka hadi kwenye makali. Ubavu ule unaulaza juu ya jiwe na pembe inajipata yenyewe, huna haja ya kukisia. Paka ubavu wino wa kalamu nene kisha upitishe kwenye jiwe mara mbili tatu. Wino ukifutika karibu na mgongo tu, umekilaza mno. Ukifutika kwenye makali tu, umekiinua.

Anza na jiwe la kunolea la namba 1000; kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo jiwe linavyokuwa laini. Noa upande mmoja tu, kwa mkono mwepesi, mpaka chuma kijikunje kuelekea upande wa pili. Mkunjo huo huuoni vizuri kwa macho. Uhisi kwa kidole gumba upande ule ambao hukuunoa, ukikitoa kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe usikipitishe kwa kufuata urefu wa makali. Utahisi kinakwama kidogo, mithili ya nywele iliyonasa kwenye kitambaa. Kikikwama kuanzia shina hadi ncha, geuza. Kikikwama katikati tu, bado. Wanaoanza wengi huishia hapo, kisha wanalalamika kwamba jiwe ni bovu.

Ukishaupata mkunjo pande zote mbili, punguza nguvu, badilisha upande kila mkupuo, kisha hamia jiwe la 3000 au zaidi. Malizia kwenye mkanda wa ngozi uliogundishwa juu ya ubao, ukivuta kisu huku mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali utaikata ngozi. Jaribu kwa karatasi, usijaribu kwa kidole.

Mashine ya kusagia chuma iache. Makali ni membamba, yanapata joto upesi mno, na chuma kikigeuka rangi ya bluu ujue ugumu umeondoka pale. Hakuna jiwe litakalourudisha. Itabidi usage mpaka uipite sehemu iliyoungua.

Kuhusu kutu, futa, kausha, paka mafuta kidogo. Tumia mafuta ya madini yaliyoruhusiwa kwenye chakula, kwani ya kupikia hugeuka utomvu unaonata. Rangi ya kijivu inayotanda kwenye chuma cha kaboni iache, inakisaidia; nyekundu ndiyo ya kuiondoa. Na kisu usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi miezi na miezi. Ngozi hushika unyevu, na kutu huanzia pale usipopaona.

Mpini wa mti upake mafuta ya mbegu za kitani ukiona umekauka na kupauka. Kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa kwenye pipa, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hutoa joto na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje mpaka kikakamae, ndipo ukitupe.