Nimefuta rekodi milioni 40, mbona diski haikupungua?

Swali: Nina jedwali la kumbukumbu za matukio kwenye hifadhidata ya PostgreSQL lililokuwa na rekodi milioni 60. Juma lililopita nilifuta milioni 40 kwa DELETE, lakini ukubwa wake kwenye diski haukupungua hata kidogo, na maulizo (query) yamekuwa mazito. Mwenzangu ananishauri nizime autovacuum, yaani usafishaji wa rekodi mfu unaojiendesha wenyewe, kwa kuwa “inakula seva”, kisha niendeshe VACUUM FULL kila usiku. Je, nifuate ushauri huo?

Jibu: Usiufuate. Swali hili hunifikia mara nyingi, na karibu kila mara huja na dawa hiyohiyo mkononi, kana kwamba faili kutopungua ni ugonjwa. DELETE haifuti kitu kwenye diski. Huitia rekodi alama kwamba imekufa, kwa sababu huenda upo muamala (kundi la amri linalokubaliwa au kughairiwa kwa pamoja) ulioanza mapema ambao bado una haki ya kuiona. VACUUM ya kawaida ndiyo hupita baadaye na kuzifanya nafasi za rekodi hizo zitumike tena na jedwali hilohilo. Nafasi hairudishwi kwa mfumo endeshi, isipokuwa pale kurasa za mwisho wa faili zinapokuwa tupu kabisa. Kwa jedwali linaloingiza matukio kila siku hilo si hasara, kwani nafasi unayoililia leo litaihitaji tena.

VACUUM FULL ni kitu kingine kabisa, licha ya jina kufanana. Huandika jedwali upya katika faili jipya huku la zamani likiwa bado lipo, kwa hiyo anayeikimbilia kwa sababu diski inakaribia kujaa anaweza kuijaza kabisa. Tena hufunga jedwali kwa kufuli linalozuia hata SELECT. Ukiwa umefuta theluthi mbili na una hakika jedwali halitakua tena kufikia ukubwa ule, iendeshe mara moja, kwa saa uliyoipanga. Kila usiku, hapana.

Uzito wa maulizo una sababu zake. Ulizo linalosoma jedwali zima bado linapitia kurasa zilezile, zikiwemo zilizobaki tupu, na takwimu anazotegemea mpangaji wa maulizo, sehemu ya seva inayochagua njia ya kulijibu ulizo, huenda bado zinahesabu rekodi milioni 60. Endesha VACUUM pamoja na ANALYZE, inayokusanya takwimu hizo upya, kisha zijenge upya faharasa (index) zilizovimba kwa REINDEX CONCURRENTLY, inayopatikana tangu toleo la 12. Kwa siku zijazo, ligawe jedwali kwa miezi. Kuiangusha sehemu ya mwezi uliopitwa na wakati huachia diski nafasi papo hapo.

Lakini kabla ya yote hayo, tazama kama kuna muamala ulioachwa wazi. Nimewahi kuitwa mahali ambapo VACUUM FULL ilikuwa imeendeshwa usiku tatu mfululizo bila faida. Katika pg_stat_activity, orodha ya miunganisho ya seva, kulikuwa na muunganisho mmoja ulioandika rekodi kadhaa siku tisa nyuma, kisha ukakaa kimya katika hali ya “idle in transaction”, yaani muamala uko wazi lakini haufanyi kitu. Kila rekodi iliyokufa baada ya hapo ilikuwa haiondoleki, na VACUUM FULL yenyewe ilikuwa ikizinakili kwa uaminifu kwenye faili jipya. Muunganisho ulikatwa, VACUUM ya kawaida ikamaliza kazi. Tangu toleo la 9.6 upo mpangilio wa idle_in_transaction_session_timeout wa kuukata muunganisho kama huo wenyewe, ila kwa chaguo la msingi umezimwa.

Sasa hilo la kuzima autovacuum, ambalo hunikera kuliko yote. Inapoonekana kula seva, mara nyingi tatizo ni kwamba inachelewa kuanza. Kwa mipangilio ya msingi husubiri rekodi mfu zifike asilimia 20 ya jedwali na 50 juu yake, maana yake jedwali lako la milioni 60 lilikuwa likingoja mizoga milioni 12 ndipo lifagiliwe, na kazi iliyorundikana kiasi hicho lazima iwe nzito. Kwa jedwali hilo peke yake, shusha autovacuum_vacuum_scale_factor, ndiyo asilimia hiyo 20, hadi 0.01, iwe inafagia kidogo na mara kwa mara.

Wanaoshauri izimwe huwa hawasemi kwamba namba za miamala zina biti 32, hivyo huzunguka na kurudiwa, na kwamba rekodi za zamani lazima zigandishwe, yaani zitiwe alama kuwa ni za zamani kwa kila muamala, kabla ya kufika takribani miamala bilioni 2. Ndiyo maana jedwali likifikisha umri wa miamala milioni 200, autovacuum hujiwasha yenyewe hata kama uliizima, na hapo haichagui usiku wala mchana. Ikizuiwa tena, kwa mfano na muamala kama ule wa siku tisa, mwisho wake seva hukataa kila amri inayohitaji namba mpya ya muamala: kusoma utasoma, ila hutaandika hata rekodi moja mpaka ugandishaji ufanyike.