Kabla Hujapanda Jukwaani Kusanifu Mbele ya Watu

Vijana wanaojifunza usanifu wa michoro hapa Kisumu huniuliza mara kwa mara iwapo waingie mashindano yale ambayo mshiriki huketi jukwaani na kompyuta, hupewa mada papo hapo, kisha husanifu bango huku kila anachokifanya kikionekana ukutani kwa projekta. Nimeshiriki mara kadhaa, nikashinda na nikashindwa, na ninachoweza kuwaambia ni kwamba wanaoshindwa huko kwa kawaida si wale wasioijua programu. Hushindwa wale wanaoanza kutafuta wazo wakiwa tayari wameshika kipanya.

Dakika za mwanzo ni za penseli. Ukipewa dakika 20, tumia tatu za kwanza kwenye karatasi, hata kama jirani yako ameshaanza kupaka rangi na ukumbi unamshangilia. Chora visanduku vidogo vitatu au vinne, kila kimoja na wazo lake, kisha ukifute kile cha kwanza bila huruma, maana wazo lililokujia kwanza ndilo lililomjia kila mtu. Hapa kwetu, mada yoyote inayohusu mji huu ikitajwa, washiriki wote huona ngege, mashua na jua likizama ziwani, na majaji wamekwisha kuviona vitu hivyo kwenye kadi, fulana na kuta za hoteli hadi wakachoka. Nakumbuka raundi moja iliyotutaka tulitangaze soko la Kibuye. Wengi wetu tulikimbilia nyanya na vikapu. Binti mmoja, mgeni kabisa katika mashindano hayo, alichora robota la mitumba lililobanwa kwa mikanda, akaukata mkanda mmoja, na nguo zilizofumuka zikawa ndizo herufi za jina la soko. Bango lake lilikuwa na rangi tatu tu na halikuhitaji ufundi wa ajabu, ila hata aliyeketi kiti cha mwisho alilielewa kabla ya mtu yeyote kumweleza.

Aliyeketi kiti cha mwisho ndiye unayemsanifia. Rangi zinazong'aa kwenye kompyuta yako hufifia kwenye projekta, na mchana, jua linapopenya mapazia, kijivu chepesi hupotea kabisa na njano juu ya nyeupe haisomeki. Chagua rangi zinazotofautiana waziwazi, herufi nene, na fonti zisizozidi mbili. Waulize pia waandalizi kama kazi itahukumiwa ukutani au itachapishwa. Ikiwa ni ukutani tu, ukubwa wa pikseli 1920 kwa 1080 unatosha. Karatasi ya A3 iliyowekwa nukta 300 kwa kila inchi ina pikseli 3508 kwa 4961, yaani zaidi ya mara nane ya hizo, na kompyuta iliyozeeka ikibebeshwa mzigo huo pamoja na vivuli na tabaka nyingi za mchoro, itakwama wakati ambapo huna dakika ya kuisubiri.

Kuhusu vifaa, sina mengi. Inkscape na GIMP ni programu za bure na zinatosha kabisa kwa kazi ya namna hii, kwa hiyo asikutishe mtu kwa jina la programu aliyoilipia. La muhimu ni kujua mapema kama utatumia kompyuta yako au yao, kwa sababu kwenye ya wengine fonti uliyoizoea huenda isiwepo. Hifadhi faili kila baada ya hatua ya maana. Stima haipotei kwa kufuata ratiba ya shindano.

Jambo ambalo huwashtua wageni kuliko yote ni watu. Kila ukifuta kitu, ukumbi unakuona ukikifuta, na kuna atakayepaza sauti kwamba kile ulichokiondoa kilikuwa kizuri. Halafu mshereheshaji atakuja na kipaza sauti, akuulize unafanya nini, nawe uko katikati ya kupanga herufi. Kuwa na sentensi moja tayari inayolieleza wazo lako, uitamke bila kuacha kazi. Sentensi hiyohiyo itakufaa tena majaji watakapokuhoji. Ukishindwa kuipata, basi wazo lenyewe bado halijakomaa, na ni heri uligundue hilo kwenye karatasi.

Mazoezi ya hali hii hayana gharama. Mwombe ndugu au jirani akuchagulie mada bila kukuonya, aweke saa ya simu, na asimame nyuma yako akikosoa kwa sauti hadi muda uishe. Mara za kwanza utaudhika sana. Mimi huona mazoezi haya yanafaa kuliko kutazama video za mafunzo usiku kucha, ingawa wenzangu wengine hawakubaliani nami.

Mwisho, soma masharti ya hakimiliki kabla ya kutia sahihi. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi ya sanaa hata kama haijasajiliwa, lakini fomu ya shindano inaweza kuwa na kifungu kinachowapa waandalizi kila kitakachochorwa, yakiwemo mabango ya walioshindwa. Ukikikuta kifungu hicho, uliza iwapo utaruhusiwa angalau kuionyesha kazi yako kwa wateja, na jibu hilo uombe liandikwe kwenye fomu yenyewe.