Kelele za meli: si nyangumi apaze sauti tu?

SWALI: Mimi ni nahodha wa boti ya watalii Kizimkazi. Nimesoma kwamba meli kubwa ya mizigo hutoa desibeli 180 chini ya maji, kuishinda hata ndege ya jeti. Mbona nyangumi wanaopita huku kila mwaka hawajawa viziwi? Na kama hawasikilizani, si wapaze sauti tu?

JIBU: Nahodha, tuanze na hizo desibeli, maana zimewachanganya wengi. Za majini na za hewani hazina kianzio kimoja. Ukitaka kulinganisha, toa kama 62 kwenye ile ya majini. Kwa hiyo 180 zako zinabaki 118 hivi, tena hizo hukadiriwa kana kwamba umesimama mita moja tu kutoka kwenye chombo. Kelele ipo, lakini nyangumi aliye maili kadhaa haimtoboi masikio.

Inachofanya ni kuifunika sauti yake isisikike. Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na zile za besi hufika mbali mno. Nyangumi wakubwa huitana kwa besi hizo, na meli nayo hunguruma papo hapo. Mkosaji mkubwa ni propela. Ikizunguka kwa kasi huzalisha vipovu, na vipovu vikibonyea ghafla ndipo mlio unapotoka. Umeshaona propela iliyoliwa vitobo kama imetafunwa na panya? Ni kazi ya vipovu hivyohivyo.

Sasa piga hesabu. Kwenye bahari kuu, kelele ikipanda kwa desibeli 6, umbali wa kusikiana hupungua kwa karibu nusu. Aliyekuwa akisikika kilomita 20 sasa anaishia 10, na eneo lote la bahari analoweza kumfikia mwenzake limebaki robo.

Kupaza wanapaza. Kule Atlantiki ya Kaskazini wako nyangumi weusi wasio na pezi mgongoni, wachache sana waliobaki. Wamerekodiwa wakiita kwa nguvu zaidi na kwa sauti nyembamba zaidi kelele inapozidi. Lakini koo lina kikomo chake. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2024 ulipima makoo ya nyangumi wasio na meno, na ukaona sauti zinazotoka kwa njia hiyo hazipandi wembamba zaidi ya hezi 300 (yaani mitetemo 300 kwa sekunde), wala hazitoki wakizama zaidi ya mita 100 hivi. Akipanda juu au akishuka chini, bado yumo ndani ya kelele za meli.

Na wanaumia. Septemba 2001, baada ya Marekani kushambuliwa na magaidi, meli zilipungua ghafla kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, na kelele ikashuka kwa desibeli 6. Mtafiti Rosalind Rolland na wenzake walikuwa tayari wakikusanya vinyesi vya nyangumi haohao weusi kwa shughuli nyingine (kazi ya watu wenye moyo!). Walipovipima, homoni za msongo zilikuwa zimeshuka. Matokeo waliyachapisha 2012.

Boti yako si meli ya mizigo, ila wewe unamsogelea nyangumi karibu. Propela iliyopinda au kuliwa ibadilishe, maana inapiga kelele na kula mafuta. Mwendo upunguze mapema, hujafika alipo. Siku moja shikilia ubavu wa boti yako, mashine imezimwa, uzamishe kichwa chako majini huku mwenzako akipita mbali na boti yake kwa kasi, kisha apite tena taratibu. Usikilize mwenyewe.