Taüll: panda mlimani kwanza, makumbusho baadaye

Mkuu umeuliza kama inalipa kutoka Barcelona kupanda mpaka Taüll, kijiji cha milimani huko Katalunya, Hispania, kuona kanisa la Sant Climent wakati ile michoro yake maarufu ya ukutani ipo palepale mjini Barcelona, kwenye MNAC, makumbusho ya taifa ya sanaa ya Katalunya. Mimi nilijiuliza hivyohivyo, nikaenda. Jibu langu ni nenda, ila lala kule usiku mmoja, maana kwa gari ni kama masaa manne na ukishauacha mji mdogo wa Pont de Suert ni kona tupu za milima ya Pirenei, kwenda na kurudi siku moja ni kujitesa.

Usifanye kosa langu la kufika saa nane mchana. Nimekuta mlango umefungwa mpaka saa kumi, watu wameenda kula, kijiji kimya unasikia maji ya mfereji tu. Nikakaa kwenye kiukuta na mkate wangu nikiwa nimenuna, lakini aisee yale masaa mawili ndo yalinifanya niuangalie ule mnara kwa utulivu. Ni wa mraba, mwembamba, ghorofa sita za mawe, kila ghorofa ina madirisha yake ya matao na mkanda wa vitao vidogo juu yake, ufundi uliotoka Lombardia kule Italia. Kanisa lenyewe dogo kuliko unavyodhani, paa la mbao limeezekwa mawe bapa. Lilitabarukiwa na askofu tarehe 10 Desemba 1123, na kesho yake askofu yuleyule akatabaruku kanisa la Santa Maria hapohapo kijijini! Kijiji kidogo vile makanisa mawili ndani ya siku mbili, sijui kulikuwa na ushindani gani.

Sasa michoro. Miaka ya 1919 mpaka 1923 waliletwa mafundi wa Kiitaliano, wakabandika vitambaa kwa gundi juu ya ukuta, ikikauka wanavuta, rangi inatoka na kitambaa, inakunjwa inasafirishwa Barcelona. Ukisikia hivyo unaona wizi, mimi mwenyewe nilikasirika, ila ujue wafanyabiashara wa sanaa walikuwa tayari wanazunguka makanisa ya milimani, michoro ya kanisa jingine, Santa Maria de Mur, ilishauzwa na leo iko Boston, Marekani. Bora Barcelona.

Ndani sasa kuna kitu kizuri, wanazima taa halafu projekta inarudisha michoro ukutani nyuma ya altare, mstari kwa mstari kama vile fundi anachora mbele yako. Anatokea Kristo na macho yale makubwa, mkononi kitabu kimeandikwa EGO SUM LUX MUNDI, yaani mimi ni nuru ya ulimwengu. Taa zikiwaka unabaki na ukuta uliochubuka. Bibi mmoja pembeni yangu alifanya ishara ya msalaba, na mimi wala si Mkatoliki lakini nilinyamaza kabisa.

Ndo maana nasema anza mlimani. Nilipoenda MNAC siku mbili baadaye, nikamwona kwenye michoro Lazaro, yule maskini wa Luka 16, na mbwa anamlamba vidonda, nilijua kule kanisani alikaa upande gani wa lile tao la mbele ya altare na mwanga unaingiaje pale. Ukianza na makumbusho utaona picha nzuri tu, basi.

Na beba sweta, hata kama ni Julai. Mita 1,500 si mchezo.